Kilomita 10 za Ndege, Mita 50 za Mtu

Yapo mambo ambayo mtu wa pwani akiyaona bara huyacheka tu, akidhani hayamhusu, mpaka yamfike mlangoni. Moja katika hayo ni hii droni, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, yenye mapanga manne juu na jicho la kamera chini ya tumbo. Kwa miaka hii ya karibuni nimekuwa nikipanda na kushuka baina ya Mombasa na miji ya Embu na Meru kwa mambo ya ukwe na biashara kidogo, na nimekiona kidude hicho kikiruka harusini, mazishini, makanisani, na hata juu ya soko. Nia yangu leo ni kusema nionavyo juu ya sheria zake. Naona tumezielewa nusu, na nusu tuliyoielewa siyo inayotugusa zaidi sisi.

Tuanze na sheria yenyewe. Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na kanuni maalumu za droni. Aliyetaka kuirusha alilazimika kubisha milango ya wakubwa wa anga na wa ulinzi, na wengi walirudi mikono mitupu. Mwaka 2017 zikatungwa kanuni, Bunge likazifuta mwaka 2018, kisha mwezi wa Machi 2020 zikatangazwa nyingine, na hizo ndizo zilizofungua mlango. Kwa kanuni hizo chombo hakiingizwi nchini bila kibali. Huandikishwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwenyewe awe ametimiza miaka 18. Na anayekifanyia biashara awe na cheti cha kazi hiyo. Kisipande juu zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, ambazo ni kama mita 120. Kisimkaribie mtu, gari wala jengo lisilo chini ya amri ya mrushaji kwa umbali wa chini ya mita 50. Na kisirushwe ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege, au kilomita 7 za kiwanja kidogo, ila kwa ruhusa maalumu.

Hizo kilomita 10 ndizo zinazojulikana na kila mtu. Chukua ramani ya Nairobi na bikari ya mtoto wa shule. Piga duara la kilomita 10 kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, ule uliofunguliwa Embakasi mwaka 1958. Piga jingine kutoka Wilson, uwanja uliopata jina la Bi Florence Wilson aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929. Piga la tatu kutoka kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh. Ukimaliza utaona kwamba mji umekwisha. Kibera imo, katikati ya mji imo, Eastleigh imo, South B na South C zimo. Anayetaka kupiga picha ya harusi Eastleigh kwa droni anataka kurusha chombo chake katika anga ambamo madege yanashuka upande huu, ndege za abiria 12 zinapaa upande ule, na helikopta za jeshi hazina saa maalumu. Sheria inamwambia aombe kwanza, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili.

Wala tusidhani ni shida ya Nairobi peke yake. Duara la uwanja wa Moi pale Port Reitz linameza Changamwe na Mikindani, linavuka Makupa, na ukingo wake unafika karibu na Fort Jesus. Malindi uwanja uko mlangoni mwa mji. Lamu ndiyo zaidi: kiwanja cha Manda kiko ng'ambo tu ya maji, kama kilomita 2 kutoka gatini, kwa hiyo mji wote wa Lamu umo ndani ya duara, pamoja na Msikiti wa Riadha na kila ua wa kila nyumba.

Wako wanaouliza, kwa nini kilomita 10, na huku chombo chenyewe hakipiti mita 120 juu? Swali ni la haki. Ndege kubwa inapotua hushuka polepole kama mtu anayeteremka mlima usio mkali; kwa kila kilomita inayokaribia hupungua kama mita 50. Ikiwa kilomita 10 kabla ya kugusa ardhi, bado iko zaidi ya mita 500 juu. Inapobaki kama kilomita 2 ndipo inapofika mita 120, yaani pale pale sheria inapomruhusu mrushaji mwingine kufika. Kwa hesabu ya makaratasi, basi, kilomita 3 au 4 zingetosha. Lakini hesabu ya makaratasi humchukulia kila mtu kuwa mtiifu, na kila chombo kuwa kizima. Kuna vijana wanaopandisha mpaka betri ilie. Kuna droni inayopoteza mawasiliano na mwenyewe, ikajipandisha na kurudi ilikotoka bila kuulizwa. Na kuna ndege ndogo za Wilson zinazokata kona chini sana zikiwa bado hazijashika njia. Kilomita 10 ni nafasi ya kosa la mwanadamu.

Makosa yenyewe yamekwisha kutokea. Mwezi wa Oktoba 2017 huko Quebec, Kanada, ndege ndogo ya abiria iliyokuwa na watu 8 iligongana na droni ikikaribia kutua. Ikashuka salama, alhamdulillahi. Mwezi wa Desemba 2018 uwanja wa Gatwick karibu na London ulifungwa na kufunguliwa na kufungwa tena kwa sababu ya habari za droni zilizosemekana kuonekana. Safari zipatazo 1,000 ziliharibika na abiria kama 140,000 wakakwama siku za sikukuu zao, na mwenye kosa hakupatikana. Nchi nzima tajiri ikasimama kwa kitu kinachoweza kutiwa ndani ya mkoba wa shule.

Sasa nije Meru na Embu, maana huko ndiko nilikoanza kuyafikiri haya kwa makini.

Siku moja Meru mjini nilimkuta kijana akirusha droni yake kiwanjani, watoto wamemzunguka kama mchuuzi wa peremende. Nikamwuliza kwa upole kama ana kibali. Akanitazama, akaniona mzee wa kofia, akacheka kwa adabu: "Mzee, hapa hakuna ndege. Hizo sheria ni za Nairobi." Wala hakusema kwa ujeuri. Ndivyo anavyoamini, na wengi wanaamini hivyo. Kwao sheria ya droni ni sheria ya uwanja wa ndege, na kwa kuwa uwanja mkubwa uko mbali, sheria nayo iko mbali.

Kwanza, si kweli kwamba hakuna ndege. Uwanja wa Isiolo, uliofunguliwa mwaka 2017, uko mpakani mwa Isiolo na Meru, na ardhi yake inagusa kaunti zote mbili. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Meru kuna kiwanja cha Mulika kinachopokea watalii. Embu ina kiwanja chake. Kila kimoja kina duara lake. Isitoshe, mbuga zenyewe haziruhusu droni bila idhini ya wakubwa wa wanyamapori, na anayefikiri ataipiga picha Mlima Kenya toka ndani ya hifadhi kwa kuwa ni mzaliwa wa hapo, basi ajiandae.

Hata hivyo Mmeru si mgeni wa ndege. Mtazame yule dereva wa gari la miraa anayeteremka kutoka Maua na Nyambene usiku kama aliyefukuzwa na jini, apate kuiwahi ndege ya Mogadishu pale Wilson! Mmea huo unasafiri angani kuliko wakulima wake. (Habari za miraa na muguka baina yetu sisi wa pwani na ndugu zetu wa Meru na Embu nisizifungue hapa. Tangu Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, mtu wa Mombasa akinywa chai Embu hutazamwa mara mbili.)

Pili, sheria ya futi 400 ina mtego huko milimani ambao sisi wa nchi tambarare hatuujui. Futi hizo hupimwa kutoka ardhi iliyo chini ya chombo. Lakini droni yenyewe, kwa kawaida, huonyesha urefu kutoka mahali iliporukia. Meru na Embu ni nchi ya migongo na mabonde, mto baada ya mto, kama kitambaa kilichokunjwakunjwa, yote ikiteremka kutoka mlimani. Kijana husimama juu ya mgongo, akairusha droni mbele yake kuvuka bonde, na mashine yake ikamwambia iko mita 100. Kumbe chini yake bonde limezama mita 150 nyingine. Amekwisha kuvunja sheria maradufu naye anadhani ni mtiifu. Na kinyume chake kipo: akirusha kutoka bondeni kuelekea kilima, mashine inasema mita 100 na huku inakaribia kupasua paa la nyumba ya mtu. Sijaona mahali popote vijana hawa wakifundishwa jambo hili kwa lugha wanayoielewa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: hatari ya Meru na Embu si dege la Ulaya, ni helikopta. Waheshimiwa wetu siku hizi hawaendi mazishini kwa gari. Kila maziko ya mtu mashuhuri, kila harambee, kila mkutano wa siasa, helikopta inashuka katika uwanja wa shule, vumbi juu, watoto wanakimbilia. Haina uwanja wa ndege wala duara la kilomita 7. Inashuka palipo na watu, na palipo na watu ndipo penye wapiga picha wenye droni. Nimeona kwa macho yangu droni mbili zikielea juu ya hema la mazishi na helikopta ikija kutokea upande wa mlimani. Aliyekuwa karibu nami akanong'ona, "Leo tutazika wengi." Helikopta ikazunguka mara moja zaidi, droni zikateremshwa, yakaisha. Sheria imezilinda ndege kwa kupima kutoka viwanjani, nayo helikopta ya mwanasiasa hufanya kila uwanja wa shule kuwa kiwanja cha ndege kwa nusu saa. Wanaotoa kibali cha mkutano wangeweza kulisema hili kwa mstari mmoja tu wa barua: siku ya helikopta, droni chini.

Na kuna moto. Mwaka 2012 misitu na nyika za juu za Mlima Kenya ziliwaka vibaya. Moto wa namna hiyo unapokuja, hutegemewa vyombo vya angani kuuona na kuwapeleka watu. Kule Los Angeles mwezi wa Januari 2025 droni ya mtu mmoja aliyetaka kutazama moto ilitoboa bawa la ndege ya kumwaga maji, ndege hiyo ikatolewa kazini huku nyumba za watu zinaungua. Nimewapa kisa hiki vijana wa Embu wawili watatu, nao walikisikiliza vizuri kuliko nilipowatajia faini.

Hayo ni ya ndege. Sasa nataka kusema ya watu.

Kanuni zimeupa uwanja wa ndege kilomita 10. Mtu zimempa mita 50. Nasema hivyo nikijua kwamba hazikusahau kabisa. Zina maneno ya kumtaka mrushaji mwenye kamera aheshimu faragha ya watu na mali zao. Lakini ukizisoma unaona tofauti. Habari ya ndege imepimwa kwa kilomita na futi. Habari ya faragha imeachiwa neno "heshimu", kila mtu na maana yake. Na kamera za siku hizi, kwa mita 50, hazioni tu kwamba kuna mtu. Zinaona ni nani, amevaa nini, na pete iko kidole gani.

Nilikuwa Embu, mtaa wa Majengo, katika harusi ya upande wa wakwe zangu. Waislamu wa Majengo ni watu wa zamani pale, wengine wamechanganya damu ya pwani na ya Waembu na Wakamba tangu zama za babu zao, na Kiswahili chao kitamu. Ngoma ya kina mama ilikuwa uani, jioni baada ya Alasiri. Wanaume tulikuwa barazani mbele. Ua ulikuwa umezungushiwa maturubai na kanga pande zote nne, kwa uangalifu, vitundu vyote vimezibwa na bibi mmoja aliyepita na pini mkononi. Juu hapakuzibwa. Nani angeziba mbingu? Kina mama walikuwa wamevua mabuibui, nywele wazi, wamejipamba, wanacheza kama ilivyo haki yao wakiwa wenyewe kwa wenyewe.

Tukasikia mlio kama wa nyuki. Halafu tukasikia kelele za uani, zisizokuwa vigelegele.

Kijana wa picha alikuwa amekodiwa na upande wa bwana harusi apige msafara barabarani. Msafara ulipochelewa, akaona bora apate "picha ya juu ya shamrashamra yote". Hakuwa Mwislamu, wala hakuwa na nia mbaya. Hakujua kabisa kwamba chini ya ile turubai kuna mambo yasiyotazamwa. Mzee mmoja akamwendea akamwambia, "Mwanangu, teremsha hicho kitu, umewavua mama zako nguo." Kijana akakiteremsha mikono ikimtetemeka. Lakini ilikuwa imechelewa. Alikuwa amekwisha kuonyesha moja kwa moja kwenye simu za jamaa, na usiku huo huo vipande vikazunguka, kutoka Embu mpaka Mombasa, mpaka Jedda kwa jamaa walioko kazini. Binti mmoja aliyekuwa akicheza, mke wa mtu, alipigiwa simu na mumewe kutoka ng'ambo kabla ya Isha. Ndoa hiyo ilihitaji wazee watatu na miezi miwili kuitengeneza.

Nani alivunja sheria hapo? Ukimwuliza mtu wa usafiri wa anga, atauliza kwanza kiwanja cha ndege kiko umbali gani. Atauliza chombo kilikuwa juu kiasi gani. Atauliza cheti. Hayo yote ni sawa, na kijana hakuwa na cheti. Lakini kama angekuwa na cheti, na kuandikishwa, na kukaa mita 60, je, wale kina mama wasingevuliwa stara?

Sisi Waislamu hatukusubiri mwaka 2020 kufundishwa jambo hili. Surat Nur imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Surat Hujurat imekataza kupelelezana. Na ipo Hadithi iliyopokewa na Sahl bin Saad, kwamba mtu alichungulia tunduni nyumbani kwa Bwana Mtume (S.A.W.), naye Mtume akiwa na chanuo la chuma mkononi, akamweleza kwa ukali kwamba kupiga hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Angalieni hapo. Mguu haukutajwa, limetajwa jicho. Mtu aweza kuwa nje ya mlango na akawa amekwisha kuingia. Mimi sijaona maelezo ya droni yaliyo wazi kuliko hayo.

Na wazee wetu waliyatia mafundisho hayo katika mawe. Nenda Lamu, utazame nyumba za kale, zile zilizoufanya mji huo uandikwe katika urithi wa dunia mwaka 2001. Upande wa barabarani ukuta ni mtupu, madirisha machache. Unakaribishwa kwenye daka, na mlango ukifunguliwa huoni moja kwa moja kiwanda cha ndani. Njia imepinda makusudi. Mwenye kujenga ghorofa alitazamiwa asimchungulie jirani. Wikio likapita juu ya njia ili kina mama watoke nyumba hii waingie ile bila kushuka barabarani. Usanifu mzima umejengwa juu ya dhana moja: kwamba jicho la mgeni litatokea mbele au ubavuni. Kiwanda kikaachwa wazi juu kwa ajili ya upepo na mwangaza, kwa sababu huko juu hakuwako ila ndege na Mola wake. Droni imeingia kwa mlango pekee ambao fundi wa Lamu hakuufunga.

Asije mtu akasema hili ni la Waislamu peke yao. Nilikaa na mzee mmoja wa Kimeru, Mkristo, pale Nchiru, ambapo ndipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wao. Nikamwuliza wangefanyaje droni ikipita juu ya kikao chao. Hakunijibu mara moja. Akatema mate kando, halafu akasema kwamba mambo ya Njuri hayatazamwi kutoka juu, na aliye juu hatakuwa juu siku zote. Kule Mbeere viko vichaka vya miti ambavyo tangu zamani havikatwi wala kuingiwa ovyo. Kwetu zipo kaya za Wamijikenda, zilizoingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, ambazo mgeni haingii bila mzee wa kaya. Kila watu wana ua wao, hata kama ukuta wake ni miti au ni kimya cha wazee.

Basi tufanye nini? Mimi si mmoja wa wale wanaosema kifaa hiki kipigwe marufuku. Nimeona faida zake. Rwanda tangu 2016 damu ya hospitali inapelekwa kwa droni katika vilima ambako gari lingechukua saa nyingi. Zanzibar mwaka huo huo ilianza kupigwa picha kisiwa kizima kwa droni ili kutengeneza ramani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki kazi hiyo. Vijana wetu wenyewe, si wageni. Nzige walipoingia nchini mwishoni mwa 2019 na kufika mpaka Meru mwaka uliofuata, kila jicho la angani lilikuwa na thamani. Na yule kijana wa Embu analisha nyumba kwa droni yake. Kumnyang'anya ni kumrudisha barazani kutafuna muguka, na hilo tena tutalilalamikia sisi.

Lakini mtu hawezi kutii sheria iliyo mbali naye. Kwa kijana wa Maua au Siakago, kuandikisha chombo, kusoma, kufanya mtihani na kulipia cheti ni safari ya Nairobi na fedha ambazo harusi tano hazirudishi. Matokeo yake ni kwamba wengi wanaruka kwa wizi, na anayeruka kwa wizi hafundishwi na yeyote, si habari ya bonde, si ya helikopta, si ya ua wa kina mama. Ningependa kuona Mamlaka ya Usafiri wa Anga inakuja Meru na Embu, na Lamu pia, walau mara moja kwa robo mwaka, iandikishe na ifundishe hapo hapo kwa Kiswahili. Leseni za magari zimewafuata watu mikoani miaka mingi. Sioni kwa nini hii ishindwe.

Na wale walioonewa wajue kwamba wana pa kwenda. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 31 imempa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa ni mali inayomhusu, haitumiwi bila ridhaa yake. Si maneno matupu: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na nyumba moja ya starehe Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kutumia picha ya mteja wake. Kina mama wa Majengo hawakulijua hilo. Nilipowaambia, mmoja alicheka akasema, "Shehe, nani atakwenda kusema mbele ya hakimu kwamba alikuwa kichwa wazi?" Na hapo kuna jambo ambalo Kamishna hawezi kulitengeneza. Mwenye kuvuliwa stara huogopa kwamba kudai haki ni kuvuliwa mara ya pili. Kwa hiyo kinga yetu kubwa lazima iwe kabla ya chombo kuruka.

Huko Embu wameanza jambo ambalo nalipenda. Wazee wa msikiti walikaa na wapiga picha wanne wa mjini, wawili wao si Waislamu, wakapatana kwa maandiko. Droni katika harusi za Majengo hurushwa kwa msafara wa barabarani tu. Ngoma ya kina mama ikianza, chombo na betri zake hukabidhiwa kwa mzee aliyechaguliwa, hurudishwa baada ya Maghrib. Hakuna kuonyesha moja kwa moja simuni. Anayevunja hapati kazi tena katika mtaa. Wapiga picha wakaomba kwamba kwa kuwa wanapoteza saa mbili za mwangaza mzuri, walipwe kidogo zaidi. Wazee wakakubali nusu ya walichotaka. Hapana faini wala polisi.

Nawaza habari ya Lamu. Kila mwaka wakati wa Maulidi, na tena wakati wa tamasha la utamaduni, wageni huja na droni zao kupiga picha ya zefe, mashindano ya punda na majahazi. Mji wote, kama nilivyosema, umo ndani ya duara la Manda, kwa hiyo kila mmoja wao alipaswa kuwa na ruhusa maalumu kabla hajawasha mapanga. Siku hizo ndizo pia ambazo kina mama wamo juu ya madari na ndani ya viwanda, nyumba zimejaa wageni, milango wazi. Kamati ya Maulidi inayo nafasi ya kudai kwamba barua ya ruhusa ya anga peke yake haitoshi. Kwamba mgeni aonyeshe barua mbili, moja ya uwanja wa ndege na moja ya mtaa, na katika hiyo ya pili iandikwe mitaa ambayo jicho lake halitapita, na saa ambazo halitafunguliwa. Maulidi yajayo hayako mbali, na barua kama hiyo huandikwa kwa siku moja.